Chura wa Kihansi: kiumbe aliyefaa mahali pamoja tu duniani

Juni 2003, watafiti waliokuwa wakihesabu vyura katika korongo la Mto Kihansi, kwenye ukingo wa kusini wa milima ya Udzungwa, walikadiria kwamba wapo 20,989. Hesabu ilipofanyika tena Januari 2004, walionekana watatu, na madume wawili wakasikika wakiita. Mwaka 2009 chura huyo akaingizwa rasmi kwenye orodha ya viumbe waliotoweka porini.

Kati ya hesabu hizo mbili ilipita miezi saba. Kiumbe aliyekaa pale kwa muda ambao hakuna mwanadamu wa kuusimulia alimalizika katika muda usiozidi sana msimu mmoja wa mahindi kulimwa na kuvunwa.

Watanzania wengi tunakijua kisa hiki, kilichoanza maji ya mto huo yalipochukuliwa kufua umeme, kwa sura moja: umeme dhidi ya chura. Upande mmoja unalalamika kwamba vijidudu vimekwamisha maendeleo, upande wa pili unalalamika kwamba maendeleo yameua uumbaji. Nimesoma hoja za pande zote kwa miaka mingi, na naona zinakiruka kiini chake. Shuleni tunafundishwa kwamba kila kiumbe kina maumbile yanayomwezesha kuishi mazingira yake: ngamia na nundu yake, samaki na mapezi, mbuyu na shina lake nene. Tunajibu mtihani, tunapata alama, basi. Kihansi inatulazimisha kuuliza jambo ambalo mtihani hauulizi: kiumbe kikifaa sana mahali fulani, kufaa huko kunamgharimu nini?

Mahali penyewe

Mto Kihansi unatokea nyanda za juu za Udzungwa na kuteremka kwenda bonde la Kilombero. Unapofika ukingo wa milima, hauna pa kupita isipokuwa chini. Ndani ya kilomita chache maji yanashuka takriban mita 850, na katika mteremko huo kuna poromoko moja kubwa lenye kimo cha kama mita 100. Kabla ya bwawa kujengwa, wastani wa maji yaliyopita hapo ulikuwa mita za ujazo 16 hivi kwa sekunde, yaani tani 16 za maji kila sekunde, mchana na usiku.

Maji mengi kiasi hicho yakigonga mwamba hayaendi yote mtoni. Sehemu yake huvunjika ikawa matone madogo sana, na poromoko lenyewe huvuma upepo unaoyasukuma matone hayo kwenye miteremko ya pembeni. Basi kando ya maporomoko kukawa na vipande vya ardhi vinavyoloweshwa na rasharasha isiyokoma. Kiangazi kikikausha misitu ya jirani, pale bado ni mbichi. Jua kali likiwaka bondeni, pale joto halipandi sana, na hewa imejaa unyevu karibu kiasi chote inachoweza kubeba. Mimea iliyotawala ni mifupi, hasa selajinela, mmea usiotoa maua, wa ukoo wa kale kama kangaga. Kuna hata mbuni (mti wa kahawa) wa porini, Coffea kihansiensis, ambao wanasayansi hawajaukuta popote nje ya korongo hilo.

Ukijumlisha vipande vyote vya rasharasha unapata kama hekta mbili, pungufu ya viwanja vitatu vya mpira. Huko ndiko alikoishi chura wa Kihansi, na hakuna kwingine. Kuanzia 1996, katika uchunguzi wa mazingira uliofanywa wakati mradi wa umeme ukiwa tayari unaendelea, watafiti walimkuta, na mwishoni mwa muongo huo John Poynton, Kim Howell, Barry Clarke na Jon Lovett wakamweleza kisayansi kwa jina la Nectophrynoides asperginis. Alitambulika wakati nyumba yake imeshapangiwa kazi nyingine.

Mwili wake

Jike hafiki sentimita 3, na dume hafiki hata 2. Ana rangi ya manjano inayokaribia dhahabu, yenye mistari ya kahawia ubavuni. Vidole vya miguu ya nyuma vina utando. Ukimtazama jike mwenye mimba kwa upande wa tumbo, ngozi ni nyepesi kiasi kwamba watoto wanaonekana ndani, wamejipanga. Anazaa vyura wadogo waliokamilika, wenye urefu wa milimita 5 hivi, weusi wa kijivu, miguu minne tayari. Hatagi mayai majini, na hakuna viluwiluwi vya kuogelea dimbwini. Kwa uzazi mmoja hupata watoto wachache, wanaohesabika kwa vidole vya mikono au kuzidi kidogo.

Ni rahisi hapa kujenga hadithi safi. Mtu atasema: maji ya maporomoko yana nguvu, mayai na viluwiluwi vingesombwa, kwa hiyo chura huyu akaanza kuzaa ili kuokoa watoto. Tena hana masikio ya nje. Mtu atasema poromoko linanguruma mno, masikio ya nini?

Hadithi hizo zinapendeza, ila hazisimami. Jenasi ya Nectophrynoides inapatikana Tanzania peke yake, na ina jamaa wengine wanaoishi kwenye misitu ya milima ya Tao la Mashariki, mbali na poromoko lolote. Nao pia huzaa bila viluwiluwi. Kuzaa huko ni urithi wa ukoo mzima, ulikuwepo kabla ya chura wa Kihansi kuwa chura wa Kihansi. Kuhusu masikio, vyura wengi wa familia yake, Bufonidae, wakiwemo wanaoishi sehemu kimya kabisa, hawana sikio la nje. Hata udogo wa mwili si wake peke yake, kwani wapo jamaa zake wa msituni wenye umbo kama hilo.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndipo makosa mengi ya kueleza maumbile yanapoanzia. Tunamwona kiumbe na mahali alipo, tunachukua kila kiungo chake na kukitafutia kazi ya mahali hapo. Kumbe sehemu kubwa ya mwili wa kiumbe ni mali ya babu zake. Mababu wa chura huyu walikuwa vyura wadogo wa msitu wenye unyevu, waliokwisha kuachana na madimbwi. Baadhi yao wakajikuta kando ya poromoko, na urithi waliokuwa nao ukawafaa pale kuliko ambavyo ungemfaa chura wa kutaga mayai. Kilichofuata, kizazi kwa kizazi, ni mwili kuacha kulipia gharama zisizohitajika. Mahali ambapo hakukauki kamwe, chura anayeweza kuvumilia ukavu hana faida yoyote juu ya asiyeweza. Uvumilivu huo ukipotea, hakuna anayekufa kwa kuukosa. Nadhani hapo ndipo ilipo siri yake: alichokipata pale kilikuwa kidogo kuliko alichokiacha.

Mlinganishe na chura tunayemjua sote, yule mkubwa mwenye vinundu anayekaa chini ya taa za nje akisubiri wadudu, Sclerophrys gutturalis. Huyo jike mmoja hutaga mayai maelfu kwa maelfu kwenye dimbwi lolote, hata la mfereji. Mwaka 1922 alipelekwa Mauritius, kisiwa ambacho hakuwahi kuwa na chura wa aina yake, akaenea. Ndani ya miaka isiyofika 100, majike wa huko wamekuwa wadogo kwa takriban theluthi moja wakilinganishwa na wenzao wa Durban walikotoka. Kwa kipimo cha mabadiliko ya viumbe hiyo ni kasi kubwa. Kwa hiyo viumbe vinaweza kubadilika haraka, lakini vinahitaji mtaji: idadi kubwa, tofauti nyingi kati ya mmoja na mwingine, na mazingira ambayo ni magumu bila kuua wote kwa mkupuo. Chura wa Kihansi hakuwa na mtaji huo wa kutosha.

Maji yanageuzwa njia

Mradi wa Kihansi Chini ulijengwa katika miaka ya 1990 kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Kihandisi ulikuwa mradi wa kuvutia sana. Bwawa lenyewe ni dogo, ukuta wake una kimo cha mita 25 tu, kwa sababu hakukuwa na haja ya kukusanya ziwa. Mteremko ndio mali. Maji yanachukuliwa juu, yanapitishwa ndani ya mlima hadi kwenye mitambo chini ya ardhi, yanazungusha, kisha yanarudi mtoni chini ya korongo. Mitambo mitatu ya megawati 60 kila mmoja inatoa megawati 180. Wakati ule, ukijumlisha Kidatu, Mtera, Pangani, Hale na Nyumba ya Mungu pamoja na Kihansi, umeme wote wa maji wa nchi ulikuwa megawati 561. Karibu theluthi moja yake ikatoka kwenye korongo hili. Aliyeishi Tanzania miaka ya mgawo wa umeme anajua megawati 180 zilikuwa na maana gani kwa hospitali, viwanda na mashine za kusaga. Sikubali kuwadharau waliouhitaji umeme huo.

Ufuaji ulipoanza mwishoni mwa 1999 na kuendelea 2000, maji yanayopita korongoni yalipungua kwa takriban asilimia 90. Rasharasha ikakatika. Vipande vya kijani vikaanza kukauka, mimea ya kawaida ya maeneo makavu ikaingia, na vyura wakakusanyika kwenye sehemu chache zilizobaki na unyevu.

Hapa inafaa kutofautisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Kuna kuzoea, anakofanya kiumbe mmoja mmoja katika maisha yake: anajificha, anabadili saa za kula, anahama. Na kuna kubadilika kwa ukoo, ambako hutokea pale ambapo wenye hali fulani huzaa zaidi kuliko wengine, vizazi kadhaa mfululizo. Kuzoea kwa chura huyu kuliishia kwenye kuhamia penye unyevu, na penye unyevu palikuwa panapungua kila wiki. Kubadilika kwa ukoo kulihitaji vizazi ambavyo hakuvipata. Chura huyu huishi kama miaka mitatu. Mabadiliko ambayo mto ungeyafanya kwa maelfu ya miaka yalifanywa na lango la chuma ndani ya maisha ya chura mmoja.

Pia hakuwa na jirani. Kiumbe mwenye makundi sehemu kumi akiangamia sehemu tisa, ile ya kumi huweza kurudisha wengine. Hekta mbili hazina sehemu ya kumi.

Mvua ya kutengeneza

Kilichofanywa baada ya hapo kinastahili heshima, na mara nyingi hakitajwi. Iliwekwa mitandao ya mabomba na vinyunyizio kwenye miteremko ile, ikitumia maji ya mto yanayoshuka kwa uzito wake, ili irudishe rasharasha kwa mikono ya watu. Na ilifanya kazi. Mimea ya unyevu ikarudi, wadudu wakarudi, vyura wakazaana hadi kufikia ile hesabu ya 2003 niliyoanza nayo, zaidi ya 20,000. Kwa mtazamo wa biolojia hiyo ni habari kubwa: ilithibitisha kwamba kiini cha mazingira ya chura huyu kilikuwa matone yenyewe. Ukimpa matone, yeye anajua la kufanya.

Lakini poromoko lilikuwa linatoa zaidi ya matone. Lilikuwa na upepo wake. Lilikuwa na misimu, likizidi masika na kupungua kiangazi. Na lilikuwa na sifa moja kubwa ambayo mtu haifikirii mpaka ikosekane: halikuharibika. Bomba huziba, valvu hukwama, fundi huchelewa.

Kiangazi cha 2003 mambo matatu yalikutana. Mfumo wa vinyunyizio ulipata hitilafu. Malango ya bwawa yalifunguliwa kwa muda kusafisha tope lililokusanyika, na tope hilo lilibeba mabaki ya viuatilifu kutoka mashamba ya mahindi ya juu ya mto. Na vyura waliokutwa wamekufa walikuwa na ugonjwa wa ngozi unaosababishwa na kuvu, Batrachochytrium dendrobatidis, ambayo imeua vyura katika mabara mengi.

Watafiti walibishana kwa miaka ni lipi hasa lililoua. Uchunguzi wa vielelezo vilivyohifadhiwa, uliochapishwa miaka mingi baadaye, uliitia kuvu hiyo hatiani zaidi ya washukiwa wengine. Nami naona ushahidi unaelemea huko, kwa sababu kasi ya anguko ni ya maradhi. Ukame hupunguza vyura kadiri unyevu unavyopungua, kama ilivyotokea 2000. Kushuka kutoka maelfu hadi makumi ndani ya wiki chache ni jambo la namna nyingine.

Tuitazame kuvu hiyo kwa karibu, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kisa chote. Chura hutumia ngozi kunywa maji, kupumua kwa sehemu, na kusawazisha chumvi mwilini. Kuvu ikivamia ngozi, sodiamu na potasiamu hupungua kwenye damu, na mwisho moyo husimama. Mbegu zake zina mkia, huogelea majini. Hustawi kwenye baridi ya wastani, kati ya nyuzi 17 na 25, na hushindwa joto likipanda sana. Ndiyo maana vyura wa sehemu nyingine wanaopata pa kuota jua huweza kuipunguza miilini mwao. Sasa rudi korongoni. Unyevu mwaka mzima. Joto la wastani lisilopanda. Vyura maelfu wamebanana kwenye eneo dogo, ngozi kwa ngozi, na hakuna mahali pakavu au pa moto pa kukimbilia. Kila hali iliyomlea chura huyu ndiyo ambayo kuvu ingeichagua kama ingepewa nafasi ya kuchagua. Aliyefaa kabisa rasharasha alikuwa amefaa pia nyumba ya adui ambaye hakuwahi kumwona.

Kwa nini hakuwa na kinga? Kwa sababu kinga dhidi ya maradhi nayo hujengwa kwa kukutana nayo. Mwili wa kiumbe ni kumbukumbu ya mambo yaliyowapata wazee wake. Kwa jambo lisilowahi kuwapata, mwili hauna jibu. Hatujui kwa hakika kuvu iliingiaje korongoni, ila buti zenye tope na vifaa vya kazi ni njia inayojulikana duniani kote, na ndiyo maana anayeingia kwenye maeneo yale hutakiwa kusafisha viatu kwa dawa.

Nilishasema mjadala umekuwa wa umeme dhidi ya chura. Mimi naona umeme haukumuua moja kwa moja. Ulimwondolea nafasi ya kukosea. Chura mwenye mto mzima nyuma yake angepigwa na kuvu na huenda wangebaki wachache kwenye kona fulani, wakazaa wenye nafuu kidogo, na ukoo ukaendelea. Chura anayeishi kwa bomba hana kona.

Somo lililotoka Bronx

Mwishoni mwa 2000, kabla ya anguko, vyura 499 walikamatwa na kusafirishwa hadi Marekani, kwenye Bronx Zoo ya New York, na baadaye kugawanywa kwenye bustani kadhaa za wanyama. Wengi nyumbani walikasirika, na bado wapo wanaouliza vyura wetu wanafanya nini Marekani. Nawaelewa. Ila bila wale 499 leo tungekuwa na vielelezo kwenye chupa za spiriti tu.

Na kilichotokea huko kinafundisha kuhusu mazingira kuliko vitabu vingi. Vyura walianza kufa. Miaka michache baadaye walibaki wasiofika mia, kwenye bustani mbili tu, Bronx na Toledo katika jimbo la Ohio. Watunzaji walikuwa wamewapa maji ya kunyunyiza na joto linalofaa, lakini mazingira ni zaidi ya hayo. Walikuwa na minyoo ya mapafu. Walikosa aina ya mwanga wa jua unaosaidia mwili kutengeneza vitamini D na kutumia madini ya chokaa, mpaka zikawekwa taa maalumu. Walihitaji wadudu wadogo mno: nzi wa matunda wasioruka, watoto wa nyenje waliotoka kuanguliwa. Maji ya kunyunyiza yalipaswa kuchujwa. Kila kitu ambacho korongo lilikitoa bure na bila kuombwa, watu walilazimika kukigundua kimoja kimoja, na kila ugunduzi ulikuja baada ya vyura kadhaa kufa.

Hatimaye walipatia. Wale wachache wakawa maelfu. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Tanzania, kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Desemba 2012 wapatao 2,000 wakaachiliwa korongoni. Alikuwa amfibia wa kwanza aliyetangazwa kutoweka porini kurudishwa mahali pake pa asili. Kazi hiyo imeendelea tangu hapo, ikiwa na mafanikio na vifo, kwa sababu kuvu haikuondoka.

Kuna jambo moja linalonisumbua katika habari hii njema. Vyura waliozaliwa vizazi na vizazi kwenye vioo wamekuwa wakichujwa na vioo. Anayezaa vizuri chini ya taa, anayekula nzi wanaomwagwa mbele yake, asiyeogopa mkono wa mtunzaji, huyo ndiye aliyeacha watoto wengi. Hakuna aliyekusudia hivyo, lakini uchujaji hauhitaji kukusudiwa. Tena mababu wao ni wale wachache waliosalia. Tofauti nyingi zilizokuwemo kwa maelfu ya porini zilipotea na waliokufa. Ikiwa katika ile idadi ya 2003 walikuwepo wachache wenye ngozi inayovumilia kuvu, hatuna hakika kwamba damu yao imo kwa wanaorudishwa. Hivyo chura anayeachiliwa leo ni wa Kihansi kwa jina na kwa ukoo, lakini anapaswa kufaa upya mahali ambapo wazee wake walifaa, na mahali penyewe pamebadilika.

Ndiyo maana naona uamuzi wa kumtunza sehemu tatu kwa pamoja, Marekani, Dar es Salaam na kwenye kituo kilichopo Kihansi, ni wa busara, na kuachilia vyura mara kwa mara ni bora kuliko kuachilia wengi mara moja. Kila kundi linaloachiliwa hukutana na kuvu. Wengi hufa. Wakibaki hata wachache wakazaa, uchujaji unaelekea upande tunaoutaka. Unakuwa wa polepole na wenye uchungu kuutazama, lakini ndio uliojenga kila kiumbe kilichopo.

Hesabu ya maji

Limebaki suala la maji yenyewe, na hapa nina msimamo. Mwaka 2000 kila tone la Kihansi lilikuwa na mdai. Hali ya leo ni nyingine. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji pekee lina uwezo wa megawati 2,115. Fanya hesabu ya fizikia ya kidato cha nne: mita moja ya ujazo ya maji kwa sekunde ikishuka mita 850 inatoa kama megawati 8.3, na ukiondoa upotevu wa mitambo zinabaki kati ya 7 na 8. Hiyo ndiyo gharama ya kurudisha korongoni mita moja zaidi ya ujazo kwa sekunde: pungufu ya asilimia 0.4 ya uwezo wa bwawa la Rufiji.

Maji hayo hayataiua kuvu; nimeeleza kwamba kuvu inapenda maji. Yatakachofanya ni kurudisha matone yanayorushwa na poromoko lenyewe, upepo wake, na kupanda na kushuka kwa misimu, kwenye eneo pana kuliko linalofikiwa na vinyunyizio. Eneo likipanuka, vyura hawabanani. Wasipobanana, maradhi husambaa polepole zaidi, na kona za kusalia huongezeka.

Jambo hilo linaweza kujaribiwa bila kuzima taa ya mtu. Miezi ya kiangazi, kuanzia Agosti hadi Novemba, kiasi hicho kiachiliwe kwa miaka mitano mfululizo, na katika miteremko ileile iliyohesabiwa 2003 zihesabiwe tena idadi za vyura, hali ya selajinela, na kiwango cha kuvu kwenye ngozi za watakaokamatwa.